Mvi za Maate

Weka mkono kifuani, useme hutamwambia mtu, hata yule unayelala naye. Umesema? Basi Anastasie, muuza kahawa wa pale Bwera, upande wa Uganda, kwenye njia ya mpaka wa Mpondwe, alisema hivyo hivyo asubuhi mbele ya Ithungu. Ithungu alimnong'oneza kwamba mume wake Maate, wa kiwanda cha chokaa, anakohoa usiku mpaka kitanda kinahama, na bado hataki kunyoa ndevu. Kule kiwandani ukivaa maski ya mpira wanakupulizia dawa chungu. Ukiisikia kwenye ulimi, maski haijakamata, ndevu zinapitisha vumbi, nenda kanyoe. Maate aliisikia, akameza, akasema hajasikia kitu. Anagombea uenyekiti wa kijiji, na tangu ndevu zake zianze kuonyesha mvi, hata wazee wanampisha kwenye benchi. Anastasie aliapa kunyamaza. Maji ya kahawa hayajachemka, benchi zima limeshajua.

— Ndevu haina shida, akasema Mumbere, fundi baiskeli wanayemwita Injinia. Vumbi inaingia mule, inapotea njia.

— Inapotea inaenda kwa mapafu, akajibu Fidèle. Huyu anauza mitumba, lakini aliwahi kufagia kliniki, kwa hiyo ni Dokta. Dawa ni siagi, akaendelea. Anapaka kwa ndevu, matundu yote inajifunga.

— Na moto ya tanuru? Utakaanga mutu kidevu.

— Basi asuke. Mukeka ikisukwa vizuri, hata maji haipiti.

— Dokta, wewe unalalia mukeka gani?

— Ao asipumue kabisa. Mujomba yangu wa Nyakiyumbu alikuwa anavusha kahawa chini ya mto. Anavuta pumzi Congo, anaitolea Uganda.

— Iko wapi huyo mujomba?

— Alikufa. Lakini si kwa vumbi.

Anastasie alicheka huku anamimina, ila kicheko hakikushuka vizuri. Baba yake alikohoa hivyo hivyo kule Beni, na watu walikuwa wakimtania pia.

Mara Maate huyo, katoka kazini na nguo za kazi, maski bado usoni. Bwera maneno yanatembea kuliko bodaboda.

— Nimewasikia toka sokoni, akasema ndani ya mpira. Maski yangu imekamata. Muangalie wenyewe.

Akaivua. Kidevu chote kilichokuwa kimefunikwa kilikuwa cheupe mpaka kwenye shina.

— Ile ni mvi, akasema. Mutu ya mvi hadanganyi.

Benchi likasogea kumpa nafasi. Akakaa karibu na Alliance, binti wa Butembo aliyevuka mpaka siku ile na vitenge vyake, hamjui mtu hapo. Kikohozi kikamshika Maate, kikamkunja.

Alliance akatazama kikombe chake.

— Papa, mbona mvi yako inaanguka kwa kahawa yangu?

Injinia akainama kukagua gurudumu lisilo na tatizo. Dokta akakumbuka mitumba yake. Anastasie akachovya kitambaa cha vikombe, akamshika Maate kisogoni, akampangusa kama mtoto. Kitambaa kikawa cheupe. Ndevu zikabaki nyeusi tii, mbele ya wapiga kura wake wote.

Nyuma yao Ithungu alikuwa amesimama kitambo, wembe mkononi.

— Kaa hapo, Baba Bright, akamwambia mumewe. Inua kidevu.

Kisha akamgeukia Anastasie, ambaye bado ameshika kitambaa.

— Na wewe, leta sabuni. Ulimi yako tutainyoa nikimaliza huyu.