Mwisho wa Benchi Wenye Msumari

Benchi letu halina mgongo. Liko mbele ya duka la mikate la Noreen Sculthorpe, mjini Cardell, magharibi mwa kisiwa cha Tasmania, Australia, mahali ambapo siku za mvua ni nyingi kuliko zisizo na mvua, na ambapo uwanja wa futiboli ya Kiaustralia ni wa changarawe tupu, kwa sababu moshi wa tanuri za kuyeyushia shaba uliua kila jani enzi za babu zetu. Hapo hukaa watu wanne. Leith Bramich, mwenye umbo la kabati la nguo, huitwa Kidogo. Des Triffitt, mwamuzi mstaafu, ni Filimbi. Noreen mwenyewe, mwenye birika la kahawa, ni Mama Pai. Nami niliyepima mashimo ya mgodi mpaka nikastaafu ni Rula. Benchi lina sheria moja. Vijana wengi wa timu yetu hutoka zamu ya usiku mgodini, hivyo kila Jumamosi saa sita mchana, mtu aliyekaa mwisho wenye msumari, ambao ndio mwisho wa upande wa mlima, hupiga simu nyumba moja baada ya nyingine kuwaamsha. Hakuna kijana wa Cardell anayetega saa ya kuamkia. Kazi hiyo ni ya benchi. Jumamosi ninayoisimulia, mechi ilikuwa saa nane, na Bi. Halloran, mjumbe wa ligi ya daraja la pili ya bara, alikuwa njiani kuja kuitazama, kwani ligi hiyo ilitafuta mkoa uliosahaulika wa kuupa timu mpya, na washindani walikuwa sisi na Port Emsley, wa pwani ya kaskazini. Kwa heshima yake Mama Pai alilipaka benchi rangi ya klabu, nyeusi na chungwa, na kwa kuwa ubavu mmoja ulikuwa umeliwa na mvua, akaligeuza ili ule mzuri utazame barabara. Saa tano tulikaa kama kawaida: Kidogo mwisho wa pili, upande wa reli, Filimbi upande wa mlima, mimi katikati, Mama Pai mlangoni.

Kidogo: Leo msinitanie, jamani. Brodie ameitwa na timu ya bara. Jumatatu anatoa jibu.

Mama Pai: Mwanao huyo huyo anayeshindwa kufua soksi?

Kidogo: Huyo huyo. Kasema, "Baba, daraja la pili likija Cardell, sibanduki. Lisipokuja, napanda meli." Sasa mimi na nyumba ya vyumba vinne nitaongea na nani? Na friji?

Filimbi: Friji lako lina wageni wengi kuliko wewe.

Kidogo: Cheka tu. Haya, huyo mama akiuliza habari ya nyasi, tunajibu nini?

Ilikuwa hoja nzito. Timu za bara hazijazoea kuanguka juu ya mawe. Kwetu sisi, mtoto hupata kovu la goti kabla ya jino la pili, na wala hatuoni ajabu.

Filimbi: Tunamwambia ukweli. Changarawe ni salama kuliko nyasi.

Mama Pai: We Filimbi, acha kutupiga kamba asubuhi yote hii.

Filimbi: Nimechezesha hapa miaka mingi, mama. Kwenye nyasi mtu anajirusha ovyo kwa kuwa anajua ataanguka pazuri. Hapa anafikiri mara mbili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, maana yake kokoto na kokoto hujaza goti, na goti lililojaa halipasuki.

Kidogo: Hapo wahenga umewasingizia.

Filimbi: Kawaulize.

Kidogo: Mimi nina dawa. Tunaleta nyasi zilizokunjwa kama zulia. Timu ya bara ikija, tunatandika. Ikiondoka, tunakunja. Rula, inawezekana?

Nilikokotoa kwa utulivu. Uwanja wetu una umbo la yai kama viwanja vyote vya mchezo huu, na eneo la yai halikosi kanuni. Nilimweleza kwamba, kwa unene wa udongo unaohitajika na jinsi mvua ingeulowesha, zulia lake lingekuwa na uzito wa magari moshi kadhaa yenye mizigo, na kwamba kulikunja kungechukua muda mrefu kuliko msimu.

Kidogo: Kwa hiyo inawezekana.

Mimi: Sikusema hivyo.

Kidogo: Hukusema haiwezekani.

Hapo king'ora cha mgodi kikalia saa sita. Filimbi alimtazama Kidogo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidogo naye alimtazama Filimbi akatikisa chake. Punde Filimbi akaingia dukani kwenda msalani, na Kidogo akaenda kwenye lori lake kuchukua koti. Walirudi wote wawili wakiwa na nyuso za watu waliotimiza wajibu, na Mama Pai akamimina tena.

Mama Pai: Tatizo si nyasi. Tatizo ni barabara. Zile kona za kushuka mlimani, mgeni anafika na kichefuchefu, kijani kama njegere.

Filimbi: Hilo ni tatizo? Hiyo ni silaha! Wakishuka basini dunia inawazunguka, sisi tunafunga goli sita kabla hawajajua nguzo zipi ni zao. Mgeni njoo mwenyeji apone!

Mama Pai: Methali inasema mwenyeji apone, haisemi mgeni atapike.

Filimbi: Yote ni tiba, mama.

Kidogo: Halafu tuziongeze! Tuombe serikali kona nyingine kumi. Port Emsley wana barabara iliyonyooka kama rula, samahani Rula. Watashindana na sisi kwa lipi?

Mama Pai: Wana watu.

Hilo lilikuwa kweli. Port Emsley wana bandari, wana shule tatu, wana nyasi. Sisi kila mwaka tunapungukiwa na nyumba zenye taa. Nilimwona Kidogo akikizungusha kikombe chake bila kunywa, na nikajua anaiwaza meli.

Filimbi hapendi kimya. Kilimkera hata alipokuwa mwamuzi.

Filimbi: Mnajua shimo la zamani? Lile la juu, walilochimba mpaka shaba ikaisha?

Mama Pai: Limefanya nini tena?

Filimbi: Lina umbo gani?

Kidogo: La yai... Aisee!

Filimbi: Ndiyo hiyo sasa! Uwanja umeshachimbwa, sisi tumelala. Chini tunacheza, zile ngazi za pembeni walimokuwa wakipita malori, watu wanakaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Mama Pai: Yesu na Maria.

Kidogo: Rula, pima.

Nilikuwa nimelipima shimo lile kwa mikono yangu, kwa hiyo sikuhitaji kwenda mbali. Niliwaarifu kwamba ngazi zake zingekalisha watu wote wa pwani ya magharibi, pamoja na kondoo wao, na bado nafasi ikabaki. Niliongeza, kwa ajili ya uaminifu, kwamba chini yake kuna ziwa lenye kina cha kuzamisha kanisa.

Kidogo: Mpira wetu unaelea.

Filimbi: Wa bara hawajui kuogelea na viatu.

Mama Pai: Na wewe Kidogo unajua?

Kidogo: Mimi naelea kwa asili, Mama Pai. Nimejaaliwa.

Tulicheka mpaka mzee wa posta akafungua dirisha. Yakafuata mengine: paa la bati juu ya mji mzima, taa za kuwindia zifungwe kileleni ili mechi zionekane kutoka bara, na jina la timu, ambalo Filimbi alitaka liwe Magoti na Kidogo akataka liwe Kona Kumi. Ninakiri kwamba hesabu za paa zilinivutia, nami nikazama ndani yake. Mama Pai alipoinamisha birika, lilitoa tone moja tu.

Mama Pai: Kahawa imekwisha. Na ni saa saba na nusu, mbona kumetulia hivi?

Ndipo alipotokea kijana mmoja tusiyemzoea, viatu vya kuchezea mpira vikining'inia shingoni. Alikuwa Kiran Nadkarni, mwanajiolojia mpya wa mgodi, aliyehamia kutoka Adelaide na kujiandikisha klabuni wiki ile.

Kiran: Shikamooni, wazee. Samahani, niliambiwa nisitege saa, nitapigiwa simu. Sikulala kwa hamu, nikaona nije tu. Nimepita uwanjani. Basi la wapinzani limefika, lakini wa kwetu simwoni hata mmoja. Nani anawaamsha leo?

Swali lilikuwa jepesi. Filimbi alimtazama Kidogo. Kidogo alimtazama Filimbi.

Kidogo: Si wewe? Umekaa upande wa mlima!

Filimbi: Msumari uko chini ya tako lako, bwana!

Kidogo alijiinua kidogo, akapapasa, akaukuta. Sote watatu tukageuka kumtazama Mama Pai, ambaye alilitazama benchi lake zuri, akatazama mlima, akatazama reli, akaziba mdomo kwa aproni.

Mama Pai: Nililigeuza. Mungu wangu, nililigeuza.

Filimbi: Ulienda kwenye lori, nikajua unapiga simu!

Kidogo: Na wewe uliingia ndani!

Filimbi: Nilienda msalani!

Kiran: Kwa hiyo... nani?

Kanuni ya ligi yetu ndogo ni kwamba timu isiyotimiza angalau watu kumi na wanne kati ya kumi na wanane king'ora cha kuanza kinapolia imepoteza mechi. Tulikuwa na mmoja, mgeni, macho mekundu. Filimbi alishaanza kupiga simu, nasi tukasikia ikiita, ikiita, ikikatika. Mtu aliyetoka mgodini alfajiri huifukia simu chini ya mito. Ndiyo maana huwa tunaanza saa sita, na kurudia. Nilikokotoa muda wa kila simu mara idadi ya vijana, na nikaona ni bora nisiseme jibu.

Kidogo alikuwa ameweka mikono yake mikubwa juu ya magoti.

Kidogo: Anakuja mjumbe wa daraja la pili kutazama uwanja mtupu. Na mwanangu amelala. Kesho atafungasha.

Halafu akasimama ghafla, hata mwisho mwingine wa benchi ukashuka na Filimbi pamoja nao.

Kidogo: Jumamosi, tukifunga goli, tunafanyaje?

Filimbi: Tunapiga honi.

Kidogo: Na wewe ukiwa kitandani, Jumamosi mchana, ukasikia honi?

Filimbi: Nitajua mechi imeanza bila mi... Kidogo! Kidogo, wewe si kabati bure!

Kidogo aliparamia lori lake, akalala juu ya honi. Mlima ulijibu. Mama Pai alirukia gari la kupelekea mikate, akashuka nalo mtaa wa chini akipiga honi bila kuachia. Mimi, kwa gari langu na kwa mpangilio, nilichukua mitaa iliyobaki kuanzia ule wenye wachezaji wengi. Huku kwetu honi haisikiki ikaachwa peke yake; magari ya watazamaji yaliyopangwa kuzunguka uwanja yakaitikia, basi la wapinzani likaitikia, na mzee wa posta, ambaye hana gari, akagonga sufuria. Milango ikaanza kufunguka. Mmoja alitoka na kiatu mguuni na kingine mdomoni. Mwingine alikimbia amevaa jezi juu ya shuka. Kiran aliwahesabu kwa sauti kutoka nyuma ya lori, na alipofika kumi na nne alipiga yowe la mtu aliyezaliwa Cardell.

Niliporudi mbele ya duka, gari dogo jeupe la kukodi lilikuwa limesimama njia panda, na ndani yake mwanamke mwenye koti zuri na uso wa kijani kama njegere. Alishusha kioo.

— Mimi ni Halloran, wa ligi. Samahani, mzee, kuna nini? Mechi imeshaanza?

— Bado, mama, nilimjibu. Hawa wanajiandaa.

— Mji mzima?

— Mji mzima.

Nilingoja aniulize habari ya nyasi. Hakuuliza. Alikuwa akimtazama Brodie Bramich, aliyekuwa akiteremka mlimani mbio, bila soksi, nywele zimesimama, akielekea kwenye lori la baba yake.

Brodie: Baba! Baba! Nani kafunga?

Kidogo alikuwa ameacha honi ili avute pumzi, na kwa nukta moja mtaa ulinyamaza. Katika ukimya huo, kutoka kwenye gari jeupe pale njia panda, ilisikika honi ndogo, nyembamba, ya woga kidogo: pii. Kisha, kwa ujasiri zaidi: piii!

Kidogo: Sijui, mwanangu. Lakini honi hiyo si ya hapa. Kimbia.