Meno ya Juu ya Shekha

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu mbele ya banda la baiskeli, mtaa wa Barani, hapa Malindi, na mwenye dele la kahawa ni mimi, Gazeti. Hakuna habari iliyoingia mji huu bila kupitia kikombe changu. Waulize hata watu wa Mambrui. Asubuhi hiyo, mwaka wa themanini na sita, walikuwapo Spana, fundi wa baiskeli, na Badi, tuliyemwita Hospitali kwa sababu aliwahi kulazwa wodini wiki sita kwa mguu uliovunjika, na tangu hapo akajiona daktari. Akaja Saad, karatasi mkononi, jasho mpaka kwenye ndevu. Hata salamu hakutoa.

Spana: Baba Shekha, kuna msiba?

Saad: Kuna daktari wa meno. Ametoka Mombasa, adhuhuri aondoka, na harudi leo wala kesho. Asema meno ya juu ya binti yangu yamekaa nyuma ya yale ya chini. Ataka kumtilia kisahani chenye waya kinywani, kiyasukume mbele.

Hospitali: Ana miaka mingapi?

Saad: Saba.

Hospitali: Saba! Mngoje kwanza aolewe.

Saad: Daktari asema sasa taya ni laini. Likishakomaa, dawa yake ni kisu. Samaki mkunje angali mbichi.

Hospitali: Na samaki aliyekunjwa, ushamwona akitafuna?

Nikammiminia Saad kahawa. Hakuigusa. Karatasi ilitaka sahihi ya baba, naye baba alitaka shauri kwanza, na mkewe, Tumu, alikuwa amekaa na mtoto mlangoni kwa daktari akiingoja.

Spana: Waya ni kazi yangu, yakhe. Nikikaza spoku ya huku, gurudumu lapinda kule. Mkaze meno huyo mtoto, kesho shingo yake yatazama Marafa.

Hospitali: Heri shingo! Wodini jirani yangu alifungwa mguu kwa kamba, kamba ikatundikwa mawe. Wallahi, alitoka mguu mmoja umemzidi mwenzake shubiri nzima. Meno yakishaambiwa twendeni, nani atayaambia basi? Yatatoka nje, midomo isifunge. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Spana: Na radi za masika je? Waya kinywani!

Saad: Nyamazeni! Mwanangu hacheki. Mwaka mzima akicheka aweka kiganja mdomoni. Chuoni akiambiwa asome Kurani, asoma ameinama.

Hapo wenye akili wangenyamaza. Lakini mimi nikinyamaza, mji hulala na njaa.

Mimi: Saad, hawa wakuzungusha tu. Hebu sema, kwa Shekha yalitangulia kuota yapi, ya juu au ya chini?

Kwetu mtoto aanzaye kuota meno ya juu huitwa kigego, na wazee walisema huja na mkosi nyumbani.

Saad: Gazeti, usianze.

Mimi: Nilikwisha anza miaka sita nyuma, na mji mzima wajua. Yalitangulia ya juu. Basi yakaona haya, yakarudi nyuma ya wenzao, mkosi ukalala. Na wewe leo wataka kuyatanguliza tena! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hospitali: Mimi nilisikia, na guu likavunjika vilevile.

Hakuna aliyecheka. Saad aliikunja karatasi mara mbili, mara tatu, akaitia mfukoni. Nami nikajisifu kimoyomoyo.

Wanawake hupita upande wa pili wa njia, hawakatizi kijiweni. Tumu alikuja moja kwa moja, buibui limejaa vumbi, akasimama mbele yetu.

Tumu: Daktari afunga sanduku. Karatasi i wapi?

Saad: Mama Shekha, yale meno... Watu wasema alianza ya juu.

Tumu hakumtazama mumewe. Alitutazama sisi, mmoja mmoja.

Tumu: Mwanangu aliota meno kwa mamangu, Mambrui. Babake alikuwa kazini Mtwapa. Nani kati yenu alikuwako, akaliona jino la kwanza?

Spana alitazama mnyororo wa baiskeli. Hospitali alitazama guu lake. Saad alinitazama mimi. Nikatafuta nilikolisikia neno lile, kwa nani, siku gani, na kila njia niliyoifuata ikanirudisha kwenye dele langu.

Tumu: Nauliza, nani?

Saad akaitoa karatasi, akaikunjua. Spana akampa kalamu bila kuombwa. Ubao ulikuwa umelowa mafuta ya mnyororo.

— Inama, Saad akaniambia.

Nikainama. Akaitandika karatasi mgongoni kwangu, akaandika jina lake, la babake na la babu yake, akikandamiza, na kila nilipotaka kusema neno, kalamu ikachoma zaidi.