Tarehe Tisa Novemba

ROELIE: Haloo? Ni nani?

GEESJE: Kitendawili!

ROELIE: Nani wewe?

GEESJE: Kitendawili, Roelie.

ROELIE: Dada Geesje? Miaka sita hunipigii, leo unanitegea vitendawili? ... Haya, tega.

GEESJE: Nina mgeni hakubisha hodi, miguu hana, na tangu jana amewazungukia watu wote ninaowajua.

ROELIE: Umbea.

GEESJE: Siyo. Nipe mji.

ROELIE: Chukua Assen, na soko lake. Sema basi.

GEESJE: Virusi. Kompyuta yangu imeingiwa na virusi. Nilipata barua pepe, kadi ya siku ya kuzaliwa, nikabonyeza—

ROELIE: Wewe si umezaliwa Agosti? Hii ni Machi!

GEESJE: Najua! Usinicheke. Mtu kaniita mpenzi, nikabonyeza. Sasa kadi ileile imetoka kwa jina langu, imeenda kwa kila mtu. Kwaya nzima. Daktari wa meno. Mchungaji.

ROELIE: Mchungaji umemwita mpenzi?

GEESJE: Na busu nimemwahidi. Natamani ardhi ipasuke inimeze. (mkwaruzo) Nawapigia mmoja mmoja kuwaonya. Wewe ndiye wa mwisho.

ROELIE: Wa mwisho. Kama kawaida.

GEESJE: Roelie, hiyo kadi umeifungua?

ROELIE: Unasikika kwa mbali.

GEESJE: Nauliza, umeifungua? Maana kama umeifungua, zima kompyuta sasa hivi, chomoa na waya. Fundi Wietske anasema inakula picha moja baada ya nyingine. Za marehemu mumeo si ziko humo?

ROELIE: Ziko zote. (kishindo)

GEESJE: Nini hicho?

ROELIE: Paka. Fundi kasema nini tena?

GEESJE: Nibadilishe neno la siri. Ile programu ya kuzuia virusi niisasishe, yangu ililala tangu mwaka juzi. Na barua yenye kitu cha kufungua, hata ikija kwa jina la ndugu yako, mpigie kwanza umuulize.

ROELIE: Nimpigie! Mtu aliyenifuta kwenye kalenda yake ya siku za kuzaliwa!

GEESJE: Nilishakwambia, nilisahau. Nilinunua kalenda mpya, nikawa nanakili majina—

ROELIE: Majina arobaini, mpaka la muuza jibini! Nimekaa chooni kwako, kalenda imetundikwa ukutani usoni pangu kama choo cha kila nyumba huku, natafuta siku yangu. Tarehe tisa Novemba, nyeupe pe!

GEESJE: (mkwaruzo)

ROELIE: Haloo?

GEESJE: Sikusahau.

ROELIE: Nini? Mtandao una—

GEESJE: Nasema sikusahau! Mama alipovunjika nyonga hukuja, nikaona hasira, nikaliruka jina lako makusudi. Tangu siku hiyo kila nikikaa pale naliona lile pengo. Hiyo ndiyo aibu yangu, Roelie. Ya mchungaji itapita.

ROELIE: Dada—

GEESJE: Simu inaishiwa chaji. Mdogo wangu, nijibu tu. Uliifungua?

ROELIE: Kile kishindo hakikuwa paka.

GEESJE: Kumbe—

ROELIE: Nilichomoa waya, nikaangusha taa. Niliifungua, dada. Jana, hata koti sijavua. Nilijua ni Machi. Nilidhani umeniandika tena kwenye kalenda.