Hatua Mpya ya Kocha Mmojammoja

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Na kama kuna mtoto anapiga mpira ukutani hapo nje, leo msimkemee. Leo tunamkumbuka mtu aliyewafundisha watoto kupiga mpira ukutani. Tunamkumbuka Kocha Mmojammoja, aliyetutoka juma lililopita, kitandani hospitalini.

Jina hilo alipewa na watoto. Makocha wengine hufundisha timu. Yeye alifundisha mtoto mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Alikuwa akisema, "Timu ina miguu mingi. Mimi nautaka huu wako."

Kazi iliyomlisha ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu. Rangi iliyobaki kwenye makopo aliipeleka nyuma ya ghala la mbao, akachora maduara ukutani. La chini la kujifunza pasi, la juu la kujifunza kufunga. Mtoto anasimama hapo peke yake. Mguu wenye nguvu unavuliwa kiatu, usije ukajitia kimbelembele. Mguu dhaifu ndio unaovaa, ndio unaopiga. Mpira ukipaa juu ya bati, kocha anauliza taratibu, "Huko unampasia nani, kunguru?" Watoto wanacheka, na aliyekosea anacheka nao, kisha anarudia.

Lakini kwanza alitangulia kuonyesha yeye. Kisha alikuwa akisema, "Tazama mguu wangu. Fanya vilevile." Nalirudia neno hili, wapendwa, kwa sababu ndilo lililokuja kumfichua. Tazama mguu wangu. Fanya vilevile.

Alikuwa na desturi nyingine. Kabla ya mazoezi alimuuliza kila mtoto, "Wapi panauma?" Alijua watoto huficha maumivu wasije wakaachwa nje. Basi akaweka sheria yake. Anayeumwa hachezi, ila ndiye anayeshika mpira mpya. Mpira ule ulikuwa mmoja tu, haukupigwa ovyo, na kuushika ilikuwa heshima. Mtoto akikaa kwenye tofali na mpira mpya mapajani, hakuna aliyemcheka.

Yeye mwenyewe, wasikilizaji wapendwa, nani alimuuliza wapi panauma?

Alikanyaga msumari kazini, akishuka ngazi. Mguu wa kulia. Msumari ukapita soli ukaingia nyama. Akaufunga kitambaa, akarudi kwenye brashi yake. Hakujua kwamba ana ugonjwa wa sukari. Kidonda hakikupona. Kikapanuka ndani ya kiatu, naye akajikaza kisabuni. Walikuwa wanakuja watu wa timu kubwa kuchagua watoto wa kuwasomesha, naye aliogopa kwamba akilala yeye, watoto watatawanyika.

Mjane wake ameniambia haya, tukiwa tumekaa jikoni kwake. Nayasema kama alivyoyasema.

"Soksi zake nilimfulia mimi tangu anioe. Mara akaanza kuzifua mwenyewe, mlango kafunga. Nikasema, leo nimepata mume. Nikawatambia majirani, dada yangu. Niliwatambia."

Kuna mahali ambapo neno halisaidii, mtu anaomba tu kimoyomoyo.

Aliyegundua ni binti yao mkubwa, mshona nguo, aliyekuwa akiishi mbali. Alikuja kuwasalimu wazazi, akapitia ghalani kwanza. Akakuta watoto wamepanga foleni mbele ya ukuta. Wa kwanza akakimbia, akaruka kidogo kwa mguu wa kushoto, akaburuta kisigino cha kulia, akapiga. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Foleni nzima inachechemea, na mchechemeo ni mmoja.

Akamuuliza msichana mmoja nani kamfundisha kuchechemea. Yule msichana akamkata jicho.

"Hatuchechemei, dada. Hiyo ni hatua mpya ya kocha."

Binti akamtazama baba yake. Baba akatazama ukuta. Binti anasema hakuhitaji kuuliza zaidi. Akamwendea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, vua kiatu."

"Si mbele ya watoto, mama."

Waliongozana nyumbani. Kiatu hakikuvulika, ilibidi kikatwe kwa mkasi wa kushonea. Vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Hospitali walimkata mguu chini ya goti, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alikufa kabla kidonda cha kukatwa hakijakauka. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: alikanyaga msumari, akaficha, akafa. Mtu aliyewafundisha watoto kusema panapouma.

Wale wa timu kubwa walikuja, wakatazama, hawakumchukua hata mmoja. Walisema watoto wana miguu mizuri, ila wana kasoro moja ya ajabu kabla ya kupiga.

Baada ya maziko, binti alikwenda ghalani. Watoto walikuwepo, foleni ileile. Akawaambia hatua ile waiache, ilikuwa ni maumivu, haikuwa ufundi. Yule msichana akakataa. Akasema ndiyo waliyoachiwa. Binti akakaa juu ya tofali, akashindwa kuendelea. Basi msichana akaenda kwenye gunia la mipira, akautoa ule mpya, akauweka mapajani mwa binti.

"Shika wewe, dada," akamwambia. Kisha akarudi kwenye foleni, akakimbia bila kuburuta kisigino, akapiga.

Kwa mjane, kwa binti, kwa ndugu zake na watoto wa ukutani, tunawapa pole. Mwenyezi Mungu amweke pema, na awape ninyi nguvu ya kuamka kesho na keshokutwa.

Nasi tuliobaki, tutazame miguu ya wanaotuhudumia. Baba anayefunga mlango kufua soksi. Mama anayesema amechoka tu. Tusingoje watoto wachechemee ndipo tujue. Kabla hujazima redio, mgeukie aliye karibu nawe, umuulize wapi panauma. Akikwambia hakuna, muulize tena.