Ama Rozaro, Aliyeipima Bahari kwa Fimbo ya Nguruwe

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kitendawili. Najua mmeitikia tega. Anatembea mchana kutwa, na kuku aliyelala mgongoni mwake haamki. Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Ni ardhi. Ardhi yetu hii ya kisiwa cha Nias, baada ya tetemeko kubwa.

Aliyenifundisha jibu hilo tumemzika Jumanne. Ni Sokhiatulo Gea, ambaye sote tulimwita Ama Rozaro, yaani baba yake Rozaro. Ama Rozaro, mpima nguruwe. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Miaka arobaini hapakuwa na harusi kijijini bila fimbo yake. Nguruwe wa mahari alizungushiwa kamba kifuani, kamba ikalazwa kwenye fimbo, naye akataja kipimo. Watu wa bwana harusi upande huu, wa bibi harusi upande ule. Pande zote mbili zikiona, kipimo kimekubalika. Upande mmoja ukikosekana, hata nguruwe awe kama nyati, hakuna kipimo. Ndiyo desturi yetu.

Tetemeko la mwaka 2005 liliushusha ufuko wetu. Tukasema, yamekwisha. Ama Rozaro hakusema hivyo. Alisimika gogo la mnazi ufukoni, na kila mwezi mpevu, maji yakijaa, aliyapima kwa fimbo ileile. Baada ya miezi mitatu yalikuwa yamepanda vidole viwili. Baada ya sita, vidole vinne. Bahari haikuwa imeongezeka, wapendwa. Ardhi ndiyo iliyokuwa bado inashuka, polepole, bila kishindo.

Basi akaja hapa studio, matope hadi magotini.

"Ina Yasa," aliniambia, yaani mama yake Yasa, "njoo usimame upande wa pili. Ukiona wewe, redio imeona. Watu wasijenge kwanza."

"Na huyo bahari anaolewa na nani, Ama Rozaro?"

"Mimi sitanii, mama."

"Basi kapime nguruwe wako, baba. Ardhi imechoka, iache ipumzike."

Na sikuishia hapo. Niliyasema hewani. Nilisema mpima nguruwe wetu sasa anaposa bahari. Soko zima lilicheka. Watoto wakamwita mkwe wa bahari. Kisha nikasema, kwa sauti hii hii mnayoisikia, jengeni, ardhi imetulia. Familia kumi na saba zikajenga juu ya misingi ya zamani. Nyumba kumi na saba, na mbao zake zilikuwa za msaada, ambao hauji mara mbili.

Mwaka uliofuata maji ya visima yakawa ya chumvi. Halafu maji yakaanza kuingia chini ya vitanda kila mwezi mpevu. Nyumba zote kumi na saba zikabomolewa, zikapandishwa mlimani ubao kwa ubao. Ama Rozaro alibeba mbao pamoja nao. Mimi hakuniambia neno. Tukikutana njiani alinipa tambuu kama kawaida, nami nikatafuna huku natazama chini.

Jumanne mkewe, Ina Rozaro, alinipokea mlangoni.

"Kumbe njia ya kwetu unaijua," alisema.

Nikamwuliza kama marehemu alinikasirikia.

"Angekasirika ingekuwa nafuu yako. Kaa hapo, ule. Nyama itapoa."

Baadaye, tukiosha vyombo, akaniambia mwenyewe. "Aliendelea kupima miaka yote. Alisema bado inasogea, ila sasa ni unene wa ukucha tu. Akifika kwenye gogo alisimama kwanza kitambo, fimbo mkononi, hapimi. Nikamwuliza, wewe mzee, wamngoja nani? Akasema, upande wa pili."

Niliendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshatakata.

Ina Rozaro, Rozaro na wadogo zako, poleni sana. Mungu ampumzishe baba yenu. Na ninyi wa zile nyumba kumi na saba, ambao hamjawahi kunidai neno, naombeni radhi.

Wasikilizaji wapendwa, fikirini leo ni nani aliyewaita mkaangalie kitu, nanyi mkacheka. Tetemeko lilitupiga dakika chache. Ardhi imeendelea kusogea miaka na miaka, na mtu mmoja alikuwa anaitazama.

Kutoka kiti hiki nilichokalia hadi lile gogo ni mwendo wa dakika sita. Nimeutembea jana, kwa mara ya kwanza.