Shali Nyeusi ya Jocelyne

Ndugu, jamaa na bamama wa kanisa, haya ni maneno ya Mama Marthe, mama mkwe wa marehemu, yeye kalamu haijui, amesema na mjukuu wake Chloé ameandika, ndiye anayewasomea.

Marehemu Jocelyne alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1971, akasoma mpaka darasa la nne, halafu masista wakamfundisha kushona, na tarehe 8 Agosti 1992 aliolewa na Jacques, fundi wa saa, mtoto wa Mama Marthe, harusi ambayo mashangazi walinuna kwa kuketishwa nyuma, lakini hilo tuliache. Mungu aliwapa Joël na Chloé, mwaka 2003 wakafika Johannesburg pamoja na Mama Marthe, wakakaa hapa mtaa wa Bertrams, nyumba moja, yeye kwenye cherehani, bwana kwenye kibanda cha saa mjini.

Jacques alitutoka tarehe 6 Juni 2018, na Jocelyne akavaa nyeusi kwa desturi yetu, mwaka mzima, mpaka mama mkwe amwondolee kilio kwa mkono wake. Sasa tarehe 11 Agosti kwaya ya kanisa, Jocelyne na Mama Marthe wakiwamo, ilienda kuimba milimani, karibu na mpaka wa Lesotho, theluji ikaanguka, na huyu mjane wa miezi miwili, mbele ya watu wote, akavua shali ya kilio, akaitandika juu ya boneti ya teksi, akaiacha ipoe ili theluji zikiiangukia zisiyeyuke, akatoa ile lensi ya Jacques ya kutazamia saa, akaiweka jichoni, akainama, akacheka. Mama Marthe akamwuliza, wewe, umeona nini cha kuchekea, naye akajibu, mama, kuja uone, ziko na mikono sita, zote, na hakuna moja imefanana na ingine, na bila kitu cheusi huwezi kuziona. Mama Marthe hakwenda.

Toka siku ile hakumsemesha, na Juni 2019 mwaka ulipotimia alikataa kumwondolea kilio. Mapafu yakamshika Jocelyne, akalazwa, na tarehe 23 Julai akatuacha, bado yuko na nyeusi.

Bamama walipomwosha walikuta ndani ya ile shali ameshonea kitambaa kingine cheusi, ametarizi kwa uzi mweupe theluji thelathini na moja. Mama Marthe akachukua lensi, siku mbili anatafuta hata mbili zinazofanana, ili naye awe na neno, hakupata. Akamwuliza Joël, kama zote ni tofauti, mbona mikono sita ya moja inalingana, nani anaipima? Joël akasema shuleni waliwafundisha kwamba maji yakiganda huko juu yanashikana kwa pembe sita, kila theluji inashuka kwa njia yake, ndiyo maana hazifanani, lakini mikono yake inapita baridi ileile pamoja, basi inakua sawasawa. Mama Marthe mpaka leo hajaelewa vizuri. Anajua tu kwamba yeye alifiwa na mtoto, Jocelyne akafiwa na mume, siku moja, nyumba moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bertrams, fundi Mwatumu aliyemalizia sare za watoto zilizobaki kwenye cherehani, na kwaya, ambao tuliwagombeza bure kwa kutomkataza siku ile ya theluji.

Leo, tarehe 3 Agosti 2019, Mama Marthe anaitandika shali juu ya sanduku, upande wa theluji ukitazama juu, nanyi wote ni mashahidi. Kilio chako kimeondoka, mkamwana. Pumzika.