Kheira Belhadri, Mtunzi wa Nyimbo za Walioachwa

Alhamisi, tarehe 30 Mei, Bi Kheira Belhadri anastaafu baada ya kuiandikia studio yetu ya hapa Oran maneno ya nyimbo kwa miaka thelathini na minne. Karibu zote ni za walioachwa.

Alikuja kama mpiga chapa. Mtunzi wetu wa zamani alipougua, Bi Kheira aliombwa amalizie ubeti mmoja tu. Mwimbaji aliusoma, akaomba maji, akakaa chini. Mashine ya kuchapa ikatafutiwa mtu mwingine.

Mashairi ya kuliza watu aliyaandika huku akila mkate wa karantika, ule wa unga wa dengu uliookwa, unga wa jira ukimdondokea karatasini. Muuza vitambaa mmoja wa soko la Mdina Jdida aliwahi kupanda ngazi zetu amefura, akitaka kujua nani aliyemsimulia Bi Kheira mambo ya nyumbani kwake. Alipewa kahawa. Aliondoka na kaseti mbili.

Lakini kuna jambo ambalo hadi leo hutuacha vinywa wazi. Bouziane, mpiga kodiani wetu, ndiye aliyekuwa mume wa Bi Kheira kabla hawajaachana. Miaka nenda rudi alikaa karibu naye, akiyapigia muziki maneno tuliyojua yanamhusu, nao wakisalimiana kama majirani wema.

Siku moja tulirekodi wimbo wa mwanamke anayelalamika kuwa mumewe aliubamiza mlango akaenda zake bila kugeuka. Katikati ya ubeti, Bouziane akaacha kupiga.

“Kheira, hapo si kweli,” alisema. “Nilikaa kwenye ngazi mpaka alasiri. Nilikuwa nangoja uniite.”

Sote tukainamia viatu vyetu. Bi Kheira akavua miwani.

“Na mimi nilikuwa nyuma ya mlango huohuo,” alisema. “Nilikuwa nangoja ubishe hodi.”

Hakulia, wala hakumlaumu. Aliomba kalamu, akafuta ubeti wote, akaandika:

*Ulingojea ngazini, nilingojea chumbani,*
*mlango bila komeo, mkono hatukutia.*

Hawakurudiana, kwani Bouziane alikuwa amekwisha kuoa tena na kupata watoto. Aliinua kodiani akapiga kwa namna ambayo hatukuwahi kumsikia. Wimbo ule ulienea hadi Tlemcen. Watu waliuomba hata harusini, na mke wa Bouziane, alipousikia, alimpelekea Bi Kheira sinia la kuskusi.

Bouziane alifariki majira ya baridi yaliyopita. Bi Kheira alikwenda matangani, akakaa kando ya mjane, mkono wa mjane ukiwa mkononi mwake, hadi wageni wakatawanyika. Tulidhani utakuja wimbo mkubwa kuliko zote. Haukuja. Tulipomuuliza, alisema kilio kile kina mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Bi Kheira, ahsante kwa kutusemea tuliyoshindwa kuyasema. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na Mola akujaalie asubuhi nyingi zisizo na haraka.